Dunia Iliyokwisha Alhamisi Alasiri

Nchi yetu ilikuwa na kila kitu isipokuwa tamthilia ya mwisho wa dunia. Barabara tulikuwa nazo, zimechorwa vizuri kwenye ramani. Hospitali tulikuwa nazo, na nyingine zilikuwa na milango. Lakini mwisho wa dunia wa kwetu wenyewe, ulioigizwa na wazalendo kwa lugha yetu, hatukuwa nao, na nchi za jirani zilikuwa zimeanza kutucheka. Ndipo Mtukufu Mlezi wa Taifa alipoiamuru Televisheni ya Taifa itutengenezee.

Mimi naitwa Salha na kazi yangu pale televisheni ni kupaka watu poda. Kila uso uliowahi kuwatangazia wananchi kwamba mambo ni shwari umepita kwanza mikononi mwangu. Siasa siijui wala siitaki. Nasema haya mapema ili msije baadaye mkaniletea maneno.

Basi, kabla hatujaanza, Waziri wa Habari na Utulivu, Mheshimiwa Dakta Mbaruku Kizito, alikuja mwenyewe studio kutupa masharti. Nilimpaka poda tabaka tatu, maana ana jasho la kizalendo.

"Serikali haina ugomvi na mwisho wa dunia," alisema. "Serikali inachotaka ni utaratibu. Haiwezekani dunia ikaisha ovyo ovyo, kila mtu anakufa anavyojisikia. Kwa hiyo dunia ianze kuishia kwa wenzetu, sisi tufuate. Asionekane kiongozi hata mmoja akifa, kwa sababu siku hiyo viongozi watakuwa na shughuli nyingine. Na hiyo nyota yenu inayokuja kutugonga isianguke mpaka Wizara iseme."

Tulipiga makofi. Lukindo, mwongozaji wetu, kijana mpole ambaye maswali humtoka bila yeye kupenda, akauliza, "Na Ikulu je, Mheshimiwa?"

"Ikulu haimo katika dunia inayozungumziwa," alijibu Waziri, nasi tukaandika hivyo.

*

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Nyota inakuja kuipiga dunia, watu wanajua, na hakuna pa kukimbilia. Mtaa mzima unahangaika: huyu anajichimbia shimo, yule anakula akiba yake yote ya biskuti. Lakini Mzee Tamimu, fundi masufuria, anavaa kanzu yake safi na kuanza kupita mlango kwa mlango akiomba radhi. Ndiyo tamthilia yote hiyo. Anabisha hodi, anafunguliwa, anasema, "Nilikukosea. Nimekuja unisamehe kabla hatujaondoka." Wengine wanamsamehe. Wengine wanamfungia mlango, naye anakaa kibarazani pao mpaka roho zao zilainike.

Aliyemwigiza Mzee Tamimu ni Mzee Nassoro Kipanga, mtu mkimya ambaye maisha yake yote alikuwa akipewa kuigiza walevi, na hajawahi kuonja hata tembo. Uso wake sikuupaka kitu, niliufuta tu vumbi. Alikuwa na macho ya mtu anayesikiliza, na macho hayo ndiyo yaliyotuponza.

Kwa kuwa Wizara haikuwa imesema nyota ianguke, nyota ikawa inakuja tu. Wiki kwa wiki inakuja. Watunzi wakaishiwa na makosa ya kumtwisha yule mzee. Alikwisha waomba radhi ndugu, majirani, wadeni, na mbuzi mmoja. Wakaanza kumtungia makosa mapya ili apate wa kumwomba. Na watu hawakuchoka. Sehemu ikianza, mji unanyamaza, hata watoto wachanga.

Halafu wananchi, Mungu awasaidie, wakaanza kuiga. Muuza nyama wa sokoni kwetu alimfuata mke wa fundi saa akamwambia kwamba nyama ile ya Idi haikuwa ya mbuzi. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alimtafuta dereva wa lori ambaye yeye mwalimu alimchapa bila kosa dereva huyo akiwa mwanafunzi wa darasa la pili, wakakaa wote wawili juu ya magunia ya vitunguu wanalia. Wifi yangu naye alikuja kuniomba radhi kwa neno alilonisema mbele za watu, neno ambalo mimi sikuwa nimelisikia kabisa. Nikalisikia siku hiyo, na hasira yake ninayo mpaka leo.

Serikali ilifurahi. Gazeti la serikali liliandika kwamba raia wetu ndio raia wanaosameheana kuliko wote duniani, na kwamba hayo ni matunda ya Mtukufu.

*

Mlango wa pili kutoka kwangu anakaa Bi. Mgeni, mama yake Sudi.

Sudi nilimjua tangu anatambaa. Alirefuka mno yule mtoto, akawa anainama kupita mlangoni kwao, na kila akisahau anajigonga na mama yake anamcheka. Mwaka ule wa kiu, vijana walipokwenda Wizarani na ndoo tupu kuuliza maji yako wapi, Sudi alikwenda nao. Kwa urefu wake akawa wa kwanza kuonekana. Watu wa Utulivu walimchukua mbele ya duka la mkaa, na ndoo yake ikabaki pale barabarani mpaka mtu akaiokota.

Tangu hapo Bi. Mgeni akawa anakwenda Wizarani kuuliza. Jibu ni moja.

"Mwanao amesafiri, mama."

"Kaenda wapi?"

"Safari ya mbali."

"Atarudi lini?"

"Hilo analijua msafiri mwenyewe."

Vijana wengi walisafiri mwaka ule katika nchi yetu, na hakuna hata mmoja aliyebeba begi.

Siku moja tulikuwa tunachambua mchele, akaniambia bila kuinua macho, "Salha, mwanangu, mimi si mjinga. Najua Sudi amekufa. Mwili uliomzaa uliniambia siku ile ile. Simwombi mtu anirudishie. Nataka kujua kalazwa wapi, basi. Niende nikakae naye, nimsomee, nimng'olee majani. Yuko peke yake huko na sijui ni wapi." Niliendelea kutoa mawe kwenye mchele mpaka nikawa natupa na mchele wenyewe.

Bi. Mgeni hakuwa na televisheni, alikuwa akija kwangu. Kila Mzee Tamimu akibisha hodi, yeye anaacha kutafuna tambuu. Ikafika sehemu ile mzee anakwenda kwa mwanamke aliyeumiziwa mtoto. Anasimama mlangoni na kofia mkononi, hasemi lolote kwa muda mrefu sana. Ilipokwisha, Bi. Mgeni aliondoka bila kuniaga. Asubuhi nikamkuta amefagia kibaraza chake, amemwagia maji, na ametandika mkeka wake mzuri, ule wa harusi yake.

"Unangoja wageni, mama?"

"Nawangoja wao," alisema. "Dunia ikikaribia kwisha watapita kuomba radhi. Wakipita wasinikose."

Nilitaka kumwambia kwamba ile ni tamthilia tu. Ile nyota mimi mwenyewe ndiye ninayeipaka unga wa dhahabu kabla haijapigwa picha, na ukubwa wake ni wa tikiti. Badala yake nikaenda kazini.

Sijui nani alimwambia nani. Jumamosi kulikuwa na mikeka mitatu mtaani kwetu, yote ya akina mama wa wasafiri. Wiki iliyofuata ikawa mji mzima, na ya pili yake ikawa miji yote. Mikeka vibarazani, mikeka mbele ya maduka, mikeka kando ya njia huko vijijini, na juu ya kila mkeka kakaa mama kimya, uso kaelekeza barabarani. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyebeba bango. Waziri alipita juu na helikopta akatazama chini, nchi yote ilikuwa imejaa viraka.

*

Alikuja studio mbio, hata poda hakutaka.

"Nani kawatandikia hawa mikeka?"

"Wametandika wenyewe, Mheshimiwa," alisema Lukindo. "Wanangoja kuombwa radhi."

"Na nani?"

Lukindo alitazama dari. Na sisi wote tukalitazama.

Jioni hiyo hiyo ikatoka amri: ni marufuku kutandika mkeka nje ya nyumba isipokuwa kwa ajili ya harusi, na bibi harusi lazima awe juu yake. Mikeka haikukunjwa. Askari waliotumwa kuikunja walikuta mikeka mingine imekaliwa na mama zao wenyewe, wakarudi kambini wakasema hawakuiona.

Baraza likakaa. Waziri alitueleza maamuzi yake kwa sauti ya chini, ya mtu aliyeng'olewa jino. Serikali imekubali kuomba radhi. Lakini serikali haikosei, kwa hiyo haiwezi kuomba yenyewe. Ataiombea radhi Mzee Tamimu, kwa kuwa yeye ana uzoefu wa kukosea. Ataombwa mama mmoja kwa niaba ya wote, mubashara, nchi nzima ione, halafu mikeka ikunjwe. Akachaguliwa Bi. Mgeni, maana pale Wizarani walikwisha mzoea.

"Na ataonyeshwa kaburi," alisema Waziri.

Nikasema, "Kumbe mnajua lilipo?"

Alinitazama kama aliyeona ukuta unaongea. "Litakuwapo," alisema.

Mafundi wa Lukindo walilijenga Alhamisi asubuhi, nyuma ya studio, karibu na jenereta. Udongo uliletwa na toroli kutoka kwenye bustani ya Wizara, bado una mizizi ya maua. Waliusawazisha, wakasimamisha jiwe la mbao lililopakwa rangi ya saruji, wakaandika jina la Sudi kwa herufi nzuri. Mimi nilisimama pale na kisanduku changu cha poda. Lukindo alikuja akasimama karibu yangu. "Dada Salha," alisema, "nina watoto." Nikamwambia najua.

Bi. Mgeni aliletwa saa kumi na gari lenye bendera. Alikuwa amevaa buibui lake la Idi. Aliomba mahali pa kusali alasiri, nikamtandikia kanga kwenye chumba cha poda. Alipomaliza nikamkalisha kwenye kiti. Bwana mmoja wa Utulivu alikaa mlangoni anakula karanga. Kazi niliyopewa ilikuwa kumpaka aonekane mtu aliyefarijika.

"Wameniambia ni hapa hapa, nyuma," alisema. "Siku zote hizo, kumbe yuko hapa unapofanyia kazi. Salha, mwanangu, wewe umeliona?"

Yule bwana aliacha kutafuna.

"Mimi napaka poda tu, mama," nilisema.

Alinitazama kwenye kioo kwa muda. Sijawahi kuuchukia mkono wangu kama nilivyouchukia siku ile, unampitisha pamba mashavuni mama wa watu.

*

Taa ziliwashwa. Waziri alikaa kwenye kiti cha mbele chenye kitambaa. Mzee Nassoro alitoka na kanzu yake ya Mzee Tamimu na karatasi ya Wizara mkononi, akasimama mbele ya Bi. Mgeni, akasoma.

"Imetokea, kwa bahati isiyo na mwenyewe, kwamba palikosekana uangalifu ambao haukukoswa na mtu yeyote, na iwapo yupo anayehisi kuhisi..."

Akairudia ile mistari kwa macho. Kisha akaikunja karatasi vizuri na kuitia mfukoni.

"Mama," alisema, "ulikosewa. Sikukukosea mimi, lakini nimetumwa na waliokukosea, na hata la kukuambia hawakunipa. Naona haya kusimama mbele yako." Akapiga magoti, mtu mzima yule, mbele ya nchi nzima, na machozi yake hayakuwa ya kwenye mswada.

Bi. Mgeni akamgusa begani. "Wewe sina neno nawe, baba. Inuka."

Waziri alianza kupiga makofi akidhani tumemaliza. Lakini Bi. Mgeni alikwisha mpita mzee, anaelekea kaburini. Aliinama, akauchota udongo kidogo, akaunusa. Akatazama lile jiwe. Akageuka kutazama upande alioelekea aliposali, akarudi kutazama kaburi.

"Mmemlaza ameelekea wapi?" aliuliza.

Jibu likamtoka Lukindo, masikini, bila yeye kupenda: "Ameelekea kamera, mama. Ndiko mwanga uliko."

"Kibla iko kule," alisema Bi. Mgeni, ananyoosha mkono kwenye jenereta. Hakupaza sauti. "Mwanangu mmemwelekeza kwenye mashine ya picha. Fukueni, nimlaze vizuri."

"Mama," alisema Waziri akisimama, "serikali imemlaza kijana wako kwa heshima zote."

"Nipeni jembe."

"Mama, tuko mubashara."

"Basi."

Alikaa chini akaanza kufukua kwa mikono. Tulisimama tu. Watu wa Utulivu walimtazama Waziri, Waziri akaitazama kamera, kamera ikamtazama Bi. Mgeni. Hakuchimba sana. Udongo wenyewe kina chake kilikuwa cha sinia la pilau. Chini yake ulikuwa uwanja wetu wa saruji, pale magari ya televisheni yanapoegeshwa. Kipaza sauti kilikuwa kimefungwa kwenye buibui lake, kwa hiyo nchi nzima ilisikia kucha zake zikikwaruza saruji, zikikwaruza tena upande huu, na tena upande ule, anatafuta.

Kisha akainua uso. "Yuko wapi?" aliuliza.

"Malizeni dunia!" Waziri alipiga kelele. "Malizeni! Iangusheni hiyo nyota!"

Chumba cha mitambo kikatii. Sehemu ya mwisho, iliyokuwa imefungiwa kabatini tangu mwanzo, ikarushwa hewani palepale. Kwenye televisheni zao wananchi waliona nyota inaanguka, milima inayeyuka, kila kitu kinakuwa cheupe, halafu wimbo wa taifa.

Pale uani sisi tulikuwa hai wote. Jenereta linanguruma. Mzee Nassoro kakaa kwenye udongo na kanzu yake nyeupe. Mimi nilimshika Bi. Mgeni mikono, nikamfuta damu kwenye kucha kwa pamba yangu ya poda, nalia kwa sauti. Yeye hakulia. Alikuwa anautazama ule uwanja wa saruji, mrefu na mpana, kama bado anaweza kuwa amekosea mahali.

*

Kesho yake ikatoka taarifa. Wananchi wanajulishwa kwamba dunia iliisha jana alasiri, kwa utulivu mkubwa, na serikali inawapongeza kwa ushirikiano wao. Dunia mpya itafunguliwa rasmi Jumamosi asubuhi na Mtukufu Mlezi katika uwanja wa mpira. Madai, malalamiko na maswali yote ya dunia iliyopita yamefungwa pamoja nayo. Vyeo vitaendelea kama kawaida. Kodi pia.

Mzee Nassoro alizuiwa getini kwetu, akaambiwa marehemu haingii kazini. Hakubishana. Alikuja mtaani kwetu kwa miguu, na shati lake la kila siku, akaketi ukingoni mwa mkeka wa Bi. Mgeni.

"Leo sikutumwa," alisema.

"Najua," alisema Bi. Mgeni, akamletea uji.

Mimi sikwenda kazini Jumamosi. Walihitaji poda nyingi siku hiyo, Mtukufu anafungua dunia, na nilijua watanitafuta. Tuliondoka sisi watatu asubuhi, ngoma za uwanjani zinasikika mpaka kwetu. Njiani tukaona akina mama wengine wanatoka majumbani mwao, mmoja kwenye kona, wawili karibu na kisima, hawakuitwa na mtu. Tulipofika Wizarani tulikuwa wengi.

Getini alikuwa askari yule yule wa siku zote, amepewa kofia mpya. Alimwona Bi. Mgeni akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Nadhani naye alikuwa na mama.

"Mama, jamani," alisema, "hukusikia tangazo? Hayo yako yalikuwa ya dunia iliyopita. Yamekwisha. Hii ni dunia mpya."

Bi. Mgeni alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Vidole vyake nilikuwa nimevifunga vitambaa.

"Haya, baba," alisema. "Ya dunia ile yamekwisha, nimesikia. Na katika dunia hii, Sudi yuko wapi?"